Duka la dawa za asili nyuma ya Soko la Kilombero: kopo moja, maelezo mawili

Wiki mbili zilizopita nilikwenda katika duka moja la dawa za asili nyuma ya Soko la Kilombero, hapa Arusha, baada ya shangazi yangu kuniambia kwamba unga alionunua hapo unamshusha sukari na kwamba kwa sababu hiyo ameacha metformin, vidonge vyake vya kisukari. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa hali hii ipo katika maduka mengi.

Duka ni safi, na kijana anayeuza ana adabu na hacheleweshi mtu. Nikiwa kwenye foleni nilimsikia akizungumza na mama aliyejifunga kanga ya kijani na njano, rangi za chama tawala, CCM. Alimweleza kwamba unga huo unapigwa vita na mabeberu, wasiotaka Mwafrika ajitibu kwa miti yake. Mama akalipa shilingi 15,000. Akafuata kijana aliyemsalimu muuzaji kwa kumwita "kamanda", kama wanavyoitana wafuasi wa chama cha upinzani cha Chadema, na hapo maelezo yakageuka: adui sasa ni wakubwa serikalini, ambao eti wanaificha dawa ili vidonge vya hospitali viendelee kuuzika. Naye akalipa shilingi 15,000, na makopo yote mawili yalitoka katika boksi moja. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza ule ni unga wa mti gani.

Mimi niliuliza. Muuzaji alinijibu kwa upole, "Mzee wangu, hiyo ni siri ya babu." Karatasi iliyobandikwa kwenye kopo ilitaja maradhi kumi na manne, kisukari kikiwa cha kwanza na mikosi ya mwisho, lakini haikuwa na jina la mmea, tarehe ya kutengenezwa, wala namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo limewekwa na sheria ya mwaka 2002.

Sipingi tiba asili. Artemisinini, inayotibu malaria leo, ilipatikana katika mmea wa jamii ya pakanga uliotumika China kwa karne nyingi, na Tu Youyou, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ila dawa ile ilijaribiwa kwanza kwa panya na nyani, kisha watafiti wakainywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote.

Kinachoniuma ni kuona kadi ya chama ikishika nafasi ya kipimo, na katika hili sioni upande ulio salama. Mwaka 2011, kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo, cha shilingi 500, kilipokuwa kikinywewa kijijini Samunge, wanasiasa wa chama tawala na wa upinzani walikwenda kukinywa. Mwaka 2020 niliwaona majirani wakiapa kwamba nyungu, yaani kujifukiza, inatosha kwa corona, na tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia alipochanjwa hadharani dhidi ya ugonjwa huo, baadhi yao walibadili msimamo siku ileile bila kusoma lolote jipya, huku wengine waliokuwa wakidai chanjo wakianza kuitilia shaka kwa sababu tu sasa ilitoka serikalini. Ng'ambo ni vilevile: katika Umoja wa Kisovieti chini ya Stalin, mtaalamu wa kilimo Lysenko alikataa elimu ya jeni, yaani ya urithi wa viumbe, kwa jina la ujamaa, na nchini Marekani wahafidhina wengi wanakataa kwamba binadamu ndiye anayeongeza joto la dunia.

Kwa hiyo, usafi na lugha ya dukani ninavisifu, lakini unga wenyewe simshauri mgonjwa yeyote wa kisukari aununue. Tulipompima shangazi asubuhi kabla hajala, mashine ilisoma 16.8, ilhali daktari wake anataka asizidi 7. Nilipomwomba arudie vidonge aliniuliza, "Mwanangu, na wewe umeshahamia kwa wale?" Sikumjibu habari za vyama. Nilimwonyesha namba, tukaiandika katika daftari pamoja na tarehe, na tangu siku hiyo anameza vidonge vyake na kujipima mwenyewe kila asubuhi. Jana ilisoma 9.1.