TAHADHARI: Muuza kamera wa karibu na Stendi Ndogo Arusha, hiyo "RTSP ipo" yake ni changa la macho

Wadau wa Arusha na Moshi, kuna jamaa anauza kamera za IP (za mtandao) "zenye RTSP, zinaingia kwenye Python moja kwa moja". RTSP ni njia ya kawaida ya kamera kutuma video kwenye programu nyingine, na Python ni lugha ya kuandikia programu. Uongo mtupu. Ni za apu ya simu tu. Mimi nilizinunua kwa kazi ya kuhesabu magari getini kwa programu ya Python. Kamera nne, 140,000 kila moja, sasa ni mapambo.

Anavyokuingiza mjini ni hivi. Anafungua boksi mbele yako, anachomeka kamera kwenye swichi ya mtandao, taa ya kijani inachezacheza. Anakugeuzia laptopu, anafungua VLC (programu ya kuchezea video), anabandika anwani inayoishia na :554/Streaming/Channels/301. Picha inatoka safi, kaunta yote inaonekana. Anapunga mkono, na kwenye skrini mkono unapungwa! Hapo nani angebisha? ONVIF (kiwango cha pamoja cha kamera za kampuni mbalimbali kuelewana) anaijua, mkondo mkuu (video kamili) na mkondo mdogo (video nyepesi) anakutofautishia vizuri kuliko mafundi wengi wa mjini, na risiti ya EFD anakata bila kuombwa.

Sasa itazameni hiyo 301. Kwenye anwani za mtindo wa Hikvision (kampuni ya kamera), tarakimu ya kwanza ni chaneli, mbili za mwisho ni mkondo: 01 mkuu, 02 mdogo. Kamera ya kawaida ya lenzi moja hutoa 101 na 102. 301 ni chaneli ya tatu ya rekoda (NVR), mashine inayokusanya video za kamera nyingi. Video ilikuwa inatoka kwenye NVR ya duka, kwa kamera ya darini inayotazama kaunta hiyohiyo. Ile ya kwenye boksi ilikuwa imewashwa taa tu.

Ukiifunga saiti, cv2.VideoCapture (amri ya kufungua video ya OpenCV, maktaba ya picha ya Python) haikuambii la maana: isOpened() inarudisha False, basi. Ukimpigia anakwambia weka rtsp_transport;tcp kwenye mpangilio wa OPENCV_FFMPEG_CAPTURE_OPTIONS, yaani video isafiri kwa TCP badala ya UDP. Dawa ya kweli hiyo, ila ya ugonjwa mwingine: fremu kuchafuka kwa sababu UDP inapoteza pakiti. Kisha anasingizia nywila yenye @. Ni kweli, @ ndani ya anwani huandikwa %40, lakini nmap -p 554 (amri ya kukagua mlango wa mtandao, yaani poti, ambao RTSP hutumia) inaonyesha poti imefungwa, na poti iliyofungwa haina habari na nywila yako. Kamera hizi huongea na apu yake kwa itifaki ya mtengenezaji, na OpenCV haiijui.

Mtu wa namna hii arudishe hela za watu, afungiwe duka, alale ndani kidogo ajifunze! Anajua kabisa anachofanya. Asiyejua hawezi kuchagua chaneli sahihi ya rekoda. Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya watu kama hawa.

Kwa anayekwenda kununua: chomoa mwenyewe waya wa kamera ya boksi wakati VLC inacheza. Picha ikiendelea, ondoka. Nenda na laptopu yako, achomoe rekoda, halafu endesha ffprobe -rtsp_transport tcp (amri ya kukagua video) na anwani ya kamera hiyo. Ikubali kutaja kodeki (namna video ilivyobanwa) na ukubwa wa picha. Boksi lenye QR ya apu tu, bila ONVIF popote, litilie shaka. Za betri ndiyo usiguse kabisa kwa kazi hii, nyingi hulala kutunza chaji.

Mwenye risiti ya duka hilo aje inbox na picha ya risiti na ya lebo iliyo nyuma ya kamera. Malalamiko yanapelekwa kwa pamoja, na safari hii hatuombi kubadilishiwa, tunataka hela.