Fremu ya baiskeli ya kutengenezesha kwa fundi, Tabora: eti mi ndo nimepinda

"Labda ni wewe ndo umepinda, sista."

Hayo maneno nimeambiwa na fundi, gerejini kwake, mbele za watu, na hela yangu ameshaila yote. Vijana waliokuwa wanacheza drafti pembeni walicheka mpaka kete zikamwagika chini. Nilisema nisiandike nikiwa na hasira, nikasubiri zipoe, embe zimeiva zimeisha na hasira bado ipo, bas acha niandike nayo hivohivo.

Nianze na kwa nini nilitaka fremu ya kupimiwa. Mi mfupi, futi tano sifiki vizuri, na napenda kuendesha baiskeli ya rodi, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Huku kwetu mwanamke kupanda baiskeli sio ajabu, Tabora nzima tunapanda, mama anabeba mtoto na debe la mahindi na anapunga mkono. Lakini Phoenix nikiikalia miguu inaning'inia, na hizi za rodi za mtumba zinazokuja kwenye makontena ni za wanaume warefu, nimezunguka sana, saizi 56, 58 (hizo ni sentimita za fremu), kuna moja nilipewa 60 nikamuuliza yule kaka hii ni baiskeli au ngazi. Wakaniambia chukua ya kike, ile iliyobonyea katikati. Siitaki. Nataka kutoka asubuhi kabla jua halijawa kali, nipige lami ya Nzega mpaka Isikizya, nigeuze, nirudi nioge niingie kazini. Sitaki kwenda na kikapu mbele.

Kuna wenzetu nje huko kazi yao ni hiyo tu, wanakupima kama fundi cherehani halafu wanakutengenezea fremu ya chuma ya mwili wako. Nikaulizia mmoja wa Uingereza, alinijibu kwa adabu kabisa sina ugomvi nae, fremu peke yake bila hata tairi pauni elfu moja na kitu, na foleni ya kusubiri juu. Hiyo kwa hela yetu milioni tatu na zaidi. Nikafunga simu nikanywa maji.

Sa ndo nikapata akili ambayo mpaka leo sijui ilikuwa akili au ujinga. Kuna fremu ya mtumba, kubwa, nyekundu, imechubuka, lakini ubavuni kuna stika unasoma Reynolds 531, jina la mabomba ya fremu. Wanaojua wanajua. Hayo mabomba yalianza kutoka Birmingham mwaka 1935, chuma kimechanganywa na manganizi na molibdenamu, na miaka mingi waendesha baiskeli za mashindano wa Ulaya wameyatumia. Muuzaji hajui, kaipanga na mabati. Elfu sitini. Nikasema hii nikimpelekea fundi wa kuchomelea akaikata akaipunguza nitakuwa na fremu ya kupimiwa, ya chuma cha maana, kwa bei ya kitenge na nusu.

Fundi nilielekezwa. Anachomelea mageti na madirisha, na mageti yake kwa kweli mazuri, maua maua yale. Nikamuonyesha nikamuuliza unaweza? Akanijibu, "Sista, baiskeli ni geti lenye magurudumu." Ningeondoka palepale. Lakini kwenye vipimo, na hapa lazima nimpe haki yake hata kama mkono unasita kuandika, alipima kama mtu anayejua. Aliazima mkanda wa kupimia kwa fundi cherehani wa jirani, akanisimamisha ukutani bila viatu, akapima mguu kwa ndani, mkono, kiwiliwili, akanikalisha kwenye stuli akaniambia nyoosha mikono kama unashika usukani, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa bati. Akaniambia mwenyewe, kwamba kwa urefu wangu tukiweka magurudumu makubwa ya rodi, nikikata kona ncha ya kiatu itagonga tairi la mbele, bora tuweke ya inchi 26 yale ya baiskeli za mlima. Na ni kweli, hilo tatizo lipo kwenye fremu ndogo, watu wameanguka. Na hayo ya 26 tairi lake unalipata duka lolote.

(Kwa wanaong'ang'ania magurudumu ya rodi huku bara, angalieni sana tairi. Dukani utaambiwa inchi 28 ni 28. Sio kweli. La Phoenix linakaa kwenye rimu ya milimita 635, la rodi 622, ukilivisha linacheza kama kiatu cha baba kwenye mguu wa mtoto. Mi nilishanunua, nikarudisha, nikagombana, hiyo siku nyingine.)

Tukakubaliana laki na ishirini, nikamwachia na elfu kumi na tano ya rangi, maana nilitaka kijani cha jani la mwembe, nimemwonyesha mpaka jani lenyewe. Wiki moja. Ikawa wiki tatu, mara umeme umekatika, mara ana msiba, mara geti la mtu mkubwa. Sawa. Hayo nimezoea, sio ya kuandikia.

Siku ya kuchukua naikuta nyeusi. Kijani kiliisha, eti. Nikanyamaza. Nikaikalia, jamani. Niseme ukweli kwanza halafu nirudi kwenye hasira. Mara ya kwanza toka nizaliwe nimekaa kwenye baiskeli nikashusha mguu chini ukafika, mikono imefika, mgongo haulalamiki, pedeli iko pale mguu unapoitaka. Nilitaka kulia. Nikamlipa iliyobaki yote hapohapo, na hilo ndo kosa langu, msilipe yote hapohapo.

Nimetoka mita mia mbili baiskeli inanivuta kushoto. Nikafikiri ni upepo. Nikanyoosha usukani, inavuta. Niko kwenye lami tupu, hakuna gari, naenda kama ng'ombe anayejua njia ya kwao, kushoto, kushoto. Na gurudumu la nyuma halikai katikati, limeegemea upande mmoja linakwangua.

Kuna kipimo cha uzi ambacho kila mtu anaweza kufanya nyumbani. Unafunga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, unaupeleka mbele unauzungusha kwenye shingo, lile bomba fupi linalobeba foku, unaurudisha mpaka upande wa pili, unaukaza. Halafu unapima kutoka kwenye uzi mpaka bomba la kiti, kushoto na kulia. Fremu iliyonyooka inakupa namba moja pande zote. Mimi nimepata 31 kushoto na 22 kulia. Milimita tisa! Nikarudia mara tatu, nikamuita na mwanangu wa darasa la sita apime na rula yake ya shule, akapata vilevile.

Ndo nikarudi nayo kwa fundi, na uzi wangu mkononi, kwa upole kabisa, nikamsalimia, nikamwambia fundi naona kama imeenda upande kidogo tuangalie pamoja. Hakuinuka. Akaitazama kwa mbali, jicho moja limefumba, akasema imenyooka hiyo, nilipimia pima maji. Nikamwambia pima maji ni ya geti, geti halikimbii. Akasema utazoea. Nikasema fundi sio ya kuzoea, njoo uone uzi. Akasema sista mi nimeanza kuchomelea wewe uko shule, hiyo fremu imenyooka kama rula, labda ni wewe ndo umepinda. Na vile vicheko. Na mi nimesimama pale na uzi mkononi kama mtu aliyekuja kushona.

Nimeshakasirishwa na watu, hela nimeshadhulumiwa, lakini hapa ilikuwa kitu kingine. Huyu mtu alinipima bega na nyonga kwa mkono wake, anajua kwamba mi sijapinda, kama kuna mtu Tabora hii anajua ni yeye, ameniandika kwenye mlango wake kwa chaki! Mlango wenyewe ulikuwa palepale nyuma yake, namba zangu zinaonekana.

Nikaondoka nayo. Nikaendesha hivohivo, kwa kiburi, kama wiki mbili. Halafu asubuhi moja narudi toka Isikizya nasikia tii, tii, kila nikikanyaga pedeli. Nikashuka. Chini ya shingo, pale bomba la chini linapoungana, rangi imepasuka, nikaigusa kwa ukucha ikabanduka kama ganda la yai. Puti. Puti ya magari, ameipaka juu ya kuchomelea kwake akaisugua akapiga rangi, na chini yake kuna ufa unaingia ukucha. Ingekatika nikiwa kwenye mteremko leo mngekuwa mnasoma tangazo la arobaini. Nilirudi nimepakiwa kwenye Fuso la mkaa, baiskeli juu ya magunia, mi mbele na dereva ananiuliza kwa nini sinunui pikipiki.

Sikumrudia. Nilienda kwa mzee mmoja anayetengeneza Phoenix chini ya mwembe, mzee wa zamani, anachomelea kwa gesi na vijiti vya shaba. Shikamoo mzee, marahaba binti, akaipindua akaikwangua puti yote bila kusema neno. Halafu ndo akanieleza, na hapa ndo nilielewa kwamba hata mimi nina kosa. Mabomba ya namna ile sio sawa unene toka mwanzo mpaka mwisho. Mwishoni ni manene, katikati ni membamba, yanafika nusu milimita na kitu, ndo maana ni mepesi. Yule wa mageti alikata kila bomba pale kwenye soketi, vile vikombe vya chuma vinavyoshika mabomba kwenye maungio, akatupa soketi, akafupisha, yani akatupa ile sehemu nene yote, akabaki na karatasi, halafu akaipiga umeme. Moto wa umeme unayeyusha chuma chenyewe, karibu nyuzi 1,500 huko, ukatoboa matundu, akayaziba, akapaka puti. Mabomba yale yalitengenezwa yaungwe kwa shaba ndani ya soketi, shaba inatiririka kwenye nyuzi kama 900 na chuma kinabaki na nguvu zake. "Huyu kijana hakukudanganya," mzee akasema, "hajui tu." Mi nikasema mzee, kutojua sawa, puti je? Akacheka kidogo hakujibu.

Akapasua kipande cha bomba la Phoenix iliyokufa kama mtu anavyopasua muwa, akakivisha pale kwenye ufa kama kiatu, akakimiminia shaba mpaka ikalamba kingo zote. Kila ungio alilolitilia shaka akalifanya hivohivo. Sio nzuri kuangalia, inaonekana kama mti una vinundu. Halafu akachukua boriti, akaipitisha kati ya yale mabomba yanayoshika gurudumu la nyuma, akaniambia shika uzi binti, akaegemea kwa uzito wake, pole pole, akaachia, tukapima, akaegemea tena. Chuma kina hilo, kinakubali kunyooshwa baridi, alumini usijaribu. Tumetoka tisa tukafika mbili. Mzee akasema mbili Mungu anasamehe. Elfu thelathini na tano, na nikamwongezea asali chupa moja.

Sasa mkiniuliza, dada nimpelekee yule fundi wa mageti? Hapana. Hapana kabisa. Ingawa vile alivyonipima sijapimwa hivyo na mtu mwingine, na mzee mwenyewe alisema urefu wote uko sahihi, hakubadilisha hata bomba moja. Bas mpelekee akupime tu, mpige picha mlango, halafu ukimbie na namba zako kwa mtu wa shaba. Au hapana, hata hivyo usimpe hela yako yule. Sijui. Baiskeli ninayo, naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua, jana nimeenda Isikizya na kurudi na nikaachia mikono yote miwili pale kwenye tambarare, haikuvuta popote. Kwa nini niipende namna hii na bado nikipita kwake tumbo linachemka?

Nimepita kwake juzi, makusudi. Nimeachia mikono mbele ya gereji yake. Akaniita, "Sista! Sista simama kwanza." Akaja mwenyewe safari hii, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akaangalia vile vinundu vya shaba, akaangalia nyuma, akaangalia mbele. Akasema, mbona imenyooka, nani kainyoosha?

Nikamwambia fundi, fremu ni ileile, mi ndo nimenyooka.

Wale wa drafti wakacheka tena. Elfu kumi na tano yangu ya rangi ya kijani bado hajarudisha.