WRC 9: dereva wa fuso alivyofundishwa barabara na kochi

Mimi ni dereva wa fuso. Nabeba machungwa ya Muheza, ndizi na iliki za vijiji vya Amani, nashusha sokoni Tanga mjini. Ukizungumzia udongo mwekundu wakati wa masika, mimi si wa kuhadithiwa. Ndiyo maana mpwa wangu aliponiletea gemu ya magari yanayoshindana kwenye njia za vumbi na tope, nilicheka. Nikamwambia, "Mwanangu, kazi hiyo mimi nalipwa. Nikae kochini niifanye bure?"

Hapo nilikuwa sijaanza kugonga miti.

Gemu ni WRC 9, ya mashindano ya dunia ya magari ya rali (ndiyo hayo WRC), ilitengenezwa na Kylotonn wa Ufaransa, ikatoka Septemba 2020. Tunaicheza kwenye PS4 ya mtumba, hapa nyumbani Ngamiani. Diski ya kwanza tuliyouziwa ilikuwa imechunika kama sufuria ya ubwabwa. Ilifika katikati ikaganda, na muuzaji akatuambia tuifute na dawa ya meno. Tulifuta. Ikanukia vizuri, ikaendelea kuganda. Ya pili ndiyo hii tunayoitumia mpaka leo, miezi minane sasa.

Najua wapo watakaosema imepitwa na wakati. Ni kweli, tangu 2023 leseni ya mashindano hayo ya dunia ilihamia kwa Codemasters wa Uingereza, nao wakatoa EA Sports WRC Novemba mwaka huohuo. Lakini hiyo haichezeki kwenye PS4, na mimi sina mpango wa kuuza mbuzi ninunue mashine mpya. Kwa hiyo nazungumza na wenye PS4 wenzangu.

Kilichonitoa jasho kwanza ni breki. Lori lenye mzigo unalibembeleza: unaondoa mguu mapema, unashusha gia, unaiacha injini ikushikie. Gari la daraja la juu humu ndani ni kitu kingine kabisa. Magari ya WRC ya miaka ile yalikuwa na uzito usiopungua kilo 1,190 na nguvu za farasi 380, tairi zote nne zinavuta. Fuso yangu ikiwa tupu ni zaidi ya mara tatu ya uzito huo. Basi mimi naingia kwenye kona kistaarabu, nakata usukani, na gari linakwenda moja kwa moja porini kana kwamba sijakata chochote. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba humu breki si ya kupunguza mwendo tu. Ukiikanyaga ukielekea kona, uzito unakimbilia mbele, tairi za mbele zinauma udongo, na mkia unakuwa mwepesi kuzunguka. Ukishaupata mkia, unakanyaga mafuta gari lijivute lenyewe. Kwenye lori, mkia ukianza kuzunguka unatamka shahada. Humu ndiyo unafurahi.

Na hapo naivulia kofia. Changarawe imefanyiwa haki: unahisi padi ya mkononi inavyotetemeka gari likipita kwenye kokoto, na linavyotulia likipata udongo ulioshindiliwa. Lami ya Japani na barafu ya Monte Carlo sina la kusema, sijawahi kukanyaga barafu isipokuwa ile ya kwenye glasi. Tope ndilo sikubaliani nalo. Humu mvua ikinyesha njia inateleza, sawa, lakini tope la kweli halitelezi tu, linashika. Linajaza tairi mpaka meno yote yanapotea na unaendesha donati. Nilimweleza mpwa wangu, akasema, "Mjomba, wangeweka hilo tungekuwa tunacheza kusukuma gari." Hoja yake ina uzito.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika haya yote.

Katika mashindano haya dereva hayuko peke yake. Pembeni yake anakaa mtu mwenye daftari anayemsomea njia: kona inayokuja ni ya upande gani, kali kiasi gani, baada ya mita ngapi. Ukali unatajwa kwa namba, moja ni kona ya kubana kabisa, sita unaipita karibu bila kupunguza mwendo. Nilipoelewa hilo nikasema, kumbe huyu ni utingo! Tofauti ni kwamba wa kwangu anapiga bodi na kupiga kelele "twende, mwaga, mwagaa," na huyu anasoma.

Tatizo, huyu wa kwenye gemu anasema Kiingereza, tena mbio kama dalali wa mnada. Kiswahili hakimo. Mimi mpaka nimalize kutafsiri kichwani, tayari niko kwenye mti. Halafu ukuta wa pili kwa jirani kuna taarabu kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, kwa hiyo hata ukijua Kiingereza husikii kitu. Mpwa wangu, kidato cha pili, akajitolea. Akavuta kigoda karibu na televisheni, akawa anaangalia zile alama zinazotokea juu ya kioo na kunisomea. "Kulia nne. Mita themanini. Kushoto mbili inabana, usikate, kuna jiwe." Kona ile inayojikunja kabisa ikageuka njia ulikotoka, ameipa jina "kiwiko". Pale gari linaporuka anasema "mgongo, shika". Finland ni migongo mitupu.

Muda wangu kwenye njia ileile ulishuka kwa sekunde zaidi ya arobaini. Gari ni lile, mikono ni ileile, ila safari hii nilikuwa namsikiliza mtu. Miaka kumi na sita naendesha na sijawahi kumsikiliza utingo hata mmoja.

Safari Rally ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Mashindano hayo yalianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo yalikuwa ya kwetu pia. Shekhar Mehta aliyashinda mara tano. Baada ya 2002 yaliondolewa kwenye ratiba ya dunia. Yalipangwa kurudi 2020, korona ikayafuta, na ndiyo maana gemu ilitoka na Kenya ndani kabla magari yenyewe hayajafika Naivasha. Yalifika Juni 2021, Sébastien Ogier akashinda. Zamani hata barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na ng'ombe na mabasi humohumo. Humu barabara ni yako peke yako. Hakuna mbuzi, hakuna bodaboda anayekupita kulia huku anaongea na simu. Dereva wa Tanga atajiona yuko peponi.

Ile sehemu ya kuendesha timu, ya kuajiri mafundi, mtabiri wa hali ya hewa na meneja wa fedha, sikuipenda. Maandishi ni madogo, maswali ni mengi, na mimi nikirudi kazini sitaki tena kupanga nani apumzike. Fungua tu sehemu ya kuchagua njia na gari, uende. Ila jaribu walau mara moja kulifikisha gari kwa mafundi likiwa limepondeka, uone. Muda wa matengenezo una kikomo, huwezi kurekebisha kila kitu, unachagua: shokapu au gia? Hilo nalijua vizuri, isipokuwa kwangu kikomo huwa ni hela.

Ukiwa na padi isiyovuta upande, elfu arobaini za diski ya mtumba hazitakuuma. Usianze na gari la juu kama mimi. Anza na yale madogo ya vijana.

Likizo ya juzi nilimchukua mpwa wangu tukapande Amani kufuata iliki. Wakati wa kushuka mvua ilikuwa imepita, njia imelowa, mzigo umejaa. Nikasikia upande wa dirishani sauti ndogo: "Kushoto tatu... inafunguka... mita hamsini, kiwiko kulia." Nikashusha gia. Utingo wangu, aliyebanwa katikati, akanigeukia. "Bosi, huyu mtoto anahesabu nini?"

Nikamwambia anyamaze, nasikiliza.