Tati ya Siagi ya Ontario: Ganda Ndilo Linaloamua

Katika maduka ya mikate ya jimbo la Ontario, nchini Kanada, hakuna kitamutamu kinachozua ubishi kama tati ya siagi, yaani kikombe kidogo cha unga uliookwa, kilichojazwa mchanganyiko wa siagi, sukari ya kahawia na mayai. Mapishi yake ya zamani zaidi yanayojulikana kuchapishwa yamo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1900 na akina mama waliokuwa wakiisaidia hospitali ya Royal Victoria mjini Barrie. Hadi leo wenyeji hawajaafikiana iwapo zabibu kavu ziwemo, wala iwapo kiini kitiririke au kishikane.

Kwa maoni yangu, ubishi huo unalisahau ganda. Tati nilizonunua katika duka moja karibu na Midland, mji unaoandaa tamasha la tati hizi kila mwaka, zilikuwa na kiini kizuri mno: kilinata bila kuchuruzika, kilitiwa chumvi ya kutosha kuupunguza ukali wa sukari, na juu yake palikuwa na utando mwembamba uliovunjika kwa jino. Ganda lake, hata hivyo, lilikuwa nene ukingoni na limelowa chini, kasoro ambayo kwa kawaida hutokana na oveni isiyo na moto wa kutosha upande wa chini, au na unga uliokandwa mno na kuachwa upate joto kabla ya kujazwa. Kwa bei waliyotoza, nilitarajia zaidi.

Zile za jirani yetu, mama mtu mzima anayeoka jikoni kwake, zimezipita kwa mbali. Yeye huurudisha unga kwenye jokofu ukiwa tayari umetandazwa katika bati la vikombe, huroweka zabibu katika maji ya moto ili zisinyonye unyevu wa kiini, na huongeza siki kidogo, ambayo mlaji haitambui ila huona tu kwamba utamu haumkinaishi. Ganda lake humeguka kwa matabaka, na kiini hutiririka polepole kama shira nzito ya kaimati.

Jambo moja Waislamu walizingatie: ganda la kienyeji mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, hata pale ambapo kiini ni cha siagi tupu, kwa hiyo ni lazima kuuliza dukani kabla ya kulipa. Jirani yetu hutumia siagi peke yake, na sikuona upungufu wowote.

Tati zenye njugu za pekani au shira ya maple zinapatikana pia, nazo si mbaya, lakini mgeni na aanze na ile ya kawaida yenye zabibu, aile siku ileile ilipookwa, bila kuipasha moto, pamoja na chai ya rangi isiyo na sukari.