Vuta N'kuvute: Yasmini wa filamu ndiye Yasmini wa kitabu?

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nawaita kwanza mliosoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kidato cha tano na sita. Mpo? Vuta N'kuvute, ile riwaya ya Adam Shafi, kitabu mlichokichambua dhamira na wahusika mpaka mkakichukia, mnajua kina filamu? Mwongozaji wake ni Amil Shivji. Ilianza kuonyeshwa Toronto Septemba 2021, mwaka uliofuata ikanyakua tuzo kuu ya tamasha la Carthage kule Tunisia, tena ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Kwa hiyo sifa zake zinajulikana, na leo sitazirudia. Nataka tumzungumzie Yasmini tu. Nani alipewa nafasi ile, na uamuzi huo umeifanya nini hadithi.

Kwa ambaye hajasoma, haraka haraka. Unguja, miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmini ni binti wa Kihindi anayeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa. Anatoroka, anajisitiri kwa shoga yake Mwajuma, anakutana na Denge, kijana wa harakati anayesakwa na polisi wa mkoloni. Mapenzi na siasa vinaingiliana. Basi, inatosha.

Sasa sikilizeni. Kwenye riwaya kuna msimulizi. Yasmini akimchukia mumewe, unaambiwa. Akiogopa, unaambiwa anaogopa nini. Filamu haina huyo mtu wa kukunong'oneza. Kazi yote ya msimulizi inahamia kwenye uso wa mwigizaji mmoja, na ndiyo maana kwenye filamu ya kitabu, hasa inayosimulia mambo ya zamani, kosa la kumchagua mwigizaji wa mhusika mkuu halifichiki. Nguo unaweza kushona, gari la zamani unaweza kuazima. Uso utautoa wapi?

Shivji alimpa Ikhlas Gafur Vora, dada ambaye wengi wetu hatukuwa tukimjua. Mimi nasema hapo Shivji alicheza karata yake vizuri sana. Dada anaongea kidogo na kutazama sana. Kuna mahali ananyamaza mpaka unajikuta wewe ndiye unayemjazia maneno, na hapo ndipo anapomrudisha msimulizi wa Shafi bila sauti. Na kwa sababu humjui, huna picha nyingine yake kichwani. Tuseme angewekwa nyota wetu wa Bongo Movie, yule mwenye mabango mpaka kwenye vioski vya vocha hapa kwetu Majengo, Dodoma. Dakika ya kwanza tungekuwa tunamwangalia yeye amevaa gauni la kizamani. Halafu kope. Jamani, zile kope za kubandika Unguja ya 1950 zilitokea wapi?

Najua watayarishaji watanijibu: nyota ndiye analeta mdhamini na watu wa kununua tiketi. Kweli kabisa, sibishi. Lakini na Mwajuma amepewa mtu wa aina yake, Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar. Huyo hakuhitaji kufundishwa mwanamke wa taarabu anakaaje, anacheka vipi. Nikisikia ile lafudhi najua niko Unguja hata nikifumba macho, na sisi wa bara lazima tukubali kwamba tungeiharibu.

Ila nina dukuduku, na ni kubwa. Kwenye kitabu, Yasmini anaozwa ana miaka 15. Kumi na tano! Hiyo namba ndiyo inayokufanya msomaji ukunje ngumi mapema kabisa. Kwenye filamu unamwona mwanamke aliyekwishapevuka, mwenye mume mzee asiyempenda. Inauma, lakini maumivu yake ni mengine. Kutoroka kwa mtoto na kutoroka kwa mke aliyechoka ni hadithi mbili.

Hapa Dodoma jambo hili linagusa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Wanaotunga sheria wanakaa hapa hapa mjini kwetu. Filamu ambayo ingewaonyesha Yasmini mwenye sura ya mtoto ingewasumbua wengi usingizi. Simlaumu Shivji moja kwa moja, maana huwezi kumchukua mtoto ukampa matukio ya mapenzi yale. Lakini angeweza kuutaja umri. Sentensi moja tu mdomoni mwa Mwajuma.

Wala si sisi peke yetu. Chukua Pride and Prejudice ya Jane Austen, kitabu cha 1813. Elizabeth, mhusika mkuu, anasema mwenyewe hajafika miaka 21. Hollywood ya 1940 ikampa Greer Garson, mwenye 35. Mwigizaji mzuri, sikatai, lakini msichana anayehukumu watu kwa pupa akageuka mwanamke anayejua anachofanya, na pupa yake ikakosa sababu. Mwaka 2005 wakamchukua Keira Knightley, aliyekuwa na miaka 19 wakati wa kurekodi. Papo hapo makosa ya Elizabeth yakawa makosa ya umri, na ukamsamehe.

Rudi kwa Denge. Gudrun Columbus Mwanyika yuko sawa, ana moto, lakini uso wa Vora unamfunika. Matokeo yake siasa inakaa pembeni kidogo na filamu inakuwa ya Yasmini kuliko riwaya ilivyokuwa. Mimi nimeipenda hivyo. Rafiki yangu wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anasema wamemwibia Denge kitabu chake, na hatujapatana mpaka leo.

Itazameni. Wanafunzi, msiingie na filamu peke yake kwenye chumba cha mtihani, maana saa moja na nusu haibebi riwaya nzima.

Na mniandikie hapo chini: Kuli, ya huyo huyo Shafi, ikifanywa filamu, nafasi ya Rashidi, yule kuli wa bandarini, apewe nani? Msinitajie mtu kwa sababu ana wafuasi wengi. Nitajieni mtu ambaye akipewa gunia bandarini, tutaamini amelibeba.