Ukaguzi wa umeme wa hoteli za ufukweni Malindi: kazi safi, ila kuna pengo

Mafundi wanaokagua hoteli hizi huzima meni swichi, hutia kufuli, huhakikisha hakuna umeme, ndipo wapime. Insulesheni, yaani gamba la waya linalozuia umeme kuvuja, hupimwa kwa volti 500 na ukinzani wake usishuke chini ya megaomu 1. Swichi ya uvujaji (inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 lazima ikate ndani ya milisekunde 300.

Ubora wao hasa uko kwenye ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme wa hitilafu. Hewa ya chumvi hula klampu ya waya wa ethi pale inaposhika fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini: juu inaonekana nzima, ukiifungua ni unga wa kijani. Ethi ikikatika, ganda la chuma la pampu yenye hitilafu hubaki na umeme na fyuzi haikatiki. Hapo ndipo mtu hufa.

Pengo: hawakokotoi mkondo wa shoti, yaani umeme mwingi unaopita nyaya zikigusana. Jenereta hutoa mdogo kuliko transfoma, hivyo swichi zaweza kuchelewa kukata. Dai hesabu hiyo kwao kabla hujalipa.