Orodha ya bei au bei ya sokoni? Kuthamini vyombo ulivyotoa msaada Marekani

Ukiishi Marekani na ukatoa sofa, masufuria au nguo kwa shirika la hisani linalotambuliwa, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hukuruhusu kukata thamani yake kwenye mapato yanayotozwa kodi, mradi uorodheshe makato yako moja moja badala ya kuchukua kato la jumla, yaani kiasi kimoja kilichopangwa na sheria. Thamani hiyo si bei uliyonunulia dukani. Ni kile ambacho mnunuzi angelipa leo kwa kitu kilichokwishatumika, na mara nyingi ni kidogo kuliko tunavyotamani.

Njia nyepesi ni orodha za bei, kama ile ya Jeshi la Wokovu, yenye kiwango cha chini na cha juu. Kwa mashati, sahani na mashuka, inatosha kabisa. Ila orodha haijaliona sofa lako lililobonyea, na mkono wa mtu hukimbilia bei ya juu.

Njia nyingine ni kutafuta vitu kama chako vimeuzwa kwa kiasi gani, kwa mfano kwenye soko la mtandaoni la eBay. Tazama vilivyokwisha kuuzwa, maana bei ya kuomba kila mtu anaweza kuandika. Inachosha, lakini kwa kabati la mbao ngumu au cherehani ya zamani ningeichagua hii, na picha nihifadhi.

Vitu vyote vikizidi dola 500, utajaza Fomu 8283, ile ya IRS ya misaada isiyo ya fedha taslimu. Kimoja kikidaiwa zaidi ya dola 5,000, hakuna ujanja: mwite mthamini.